Gari la Ignatio na Ugali wa Sengu

Parokia ya Mapera,
Mbinga.
8 Desemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Mansuetus,

Pokea salamu za dada yako Beata. Hujambo huko Morogoro? Wifi yangu Katarina na watoto wazima? Huku tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi uko palepale. Juzi kanigombeza kwa chumvi ya maharage. Mvua zimeanza na mahindi kwenye mashimo ya ngoro yameota vizuri.

Ila sikuandikii kwa ajili ya mahindi. Nimekasirika, Mansuetus, na kilichonikasirisha ni gari.

Kahawa ya mwaka huu tumewauzia wanunuzi binafsi, fedha mkononi, na ukoo ukakubaliana tununue gari la kupanda milima yetu. Lori la ushirika siku hizi halipiti. Na mkamwana wangu Vitalia ana mimba ya miezi saba. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na daktari alisema wazi kwamba huyu wa pili asithubutu kumzalia nyumbani. Hospitali iko ng'ambo ya mto, na mwezi wa pili njia ile huwa uji mtupu.

Magari ni mawili. La Kijapani liko Songea, linauzwa na masista. Ukigusa ufunguo tu linawaka. Lakini bei yake, mama wee! Tukilichukua hilo, bati la nyumba ya mama ndiyo basi tena, na fungu lako lote la fedha za kahawa linaondoka. La pili ni la Ignatio, yule mfanyabiashara wa usipa kutoka Lituhi. Kuukuu, linanuka samaki mpaka kwenye usukani, bei karibu nusu. Nisimwonee: vipuri vyake vimejaa Mbinga na kila fundi analijua. Hata mimi mwanzoni nilikuwa upande wake.

Halafu baba mdogo Antoni akaharibu. Ignatio alipolileta tulione, ilikuwa saa ya chakula, Antoni akamkaribisha sengu. Mgeni akanawa, akaketi na wanaume wa ukoo wetu, akamega nao sahani moja, ugali niliousonga mimi! Hata kama umekaa mbali hujasahau: aliyekula sengu ni ndugu, na ndugu humkagui. Nikasema tufungue boneti, tulipakie magunia, lipande kilima cha Kitura. Antoni akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Beata, mtu kala na sisi. Leo tumpekue kama mwizi?"

Wakati wa kuondoka gari likagoma kuwaka. Wanaume wakalisukuma mteremkoni huku wanacheka, wameshiba, mwanangu Tobias, mume wa Vitalia, akiwa mbele kabisa. Lilipowaka wakalipigia makofi. Makofi! Sasa likizima kule mtoni kwenye tambarare, uchungu umeshika, Vitalia ashuke asukume?

Nimeyasema hayo nikaambiwa wanawake hatujui magari. Ignatio atarudi kabla ya Krismasi kuchukua fedha. Yeye simlaumu, maana hakuficha kitu. Hakuna aliyemuuliza.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Fungu lako bado unalo, na bila hilo hata la Ignatio hawawezi kulinunua. Tena wewe hukula naye. Waliokula wamejifunga midomo, lakini wewe ukikataa, Ignatio hataona amefukuzwa na watu aliokula nao. Tuma telegramu hapa parokiani, useme tu unataka lile la masista. Bati litasubiri, nimemuuliza mama, anasema kuvujiwa amezoea. Ada za wanao nazijua, na najua ninachokuomba ni kikubwa. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa kweli.

Jana nimemkuta Tobias nyuma ya nyumba anakata mianzi, nikadhani ya uzio. Nilipomuuliza akageuza uso. Akasema ni ya machela, ya kumbebea Vitalia. Na huyo ndiye anayelisifia gari la Ignatio kuliko wote.

Nisalimie Katarina na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Mama anakuombea kila jioni, na Vitalia anakuamkia, anasema shikamoo baba. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi dada yako akupendaye, ninayesubiri neno lako,

Beata