Mkalimani wa Baba

Jumapili, 15 Juni. Walukuba

Nimefua sare. Nimepiga pasi ya makaa. Vitabu vya kesho viko tayari. Sasa naapa: kuanzia leo nitaandika yote humu, hata yanayonitia aibu. Hayo hasa. Daftari litakaa chini ya godoro, na Habuba hajui kusoma.

Habuba ni bibi yangu, mama yake Baba. Sisi Wanubi ndivyo tunavyomwita bibi. Naishi naye hapa Jinja tangu Mama aolewe tena Bombo. Baba yuko Mbale. Anauza misumari, rangi na mabati, na analala chumba cha nyuma ya duka. Ana sukari. Ana pia kidonda mguu wa kushoto, karibu na kidole gumba. Hakijafunga tangu Februari.

Kila Alhamisi baada ya masomo napanda basi kwenda Mbale. Nalala Nkoma kwa Shangazi Rehema, dada yake Baba. Ijumaa asubuhi nampeleka Baba kliniki. Kazi yangu huko ni kutafsiri. Daktari ni kijana kutoka magharibi mwa nchi, anasema Kiingereza na Kiganda. Mbele yake Baba anasema Kiswahili tu, kwa sauti ya kambi ya jeshi, kama babu yake aliyekuwa askari. Kiganda anakijua. Anakitumia dukani kutwa. Anasema hataki kuhurumiwa na mtoto aliyevaa koti jeupe.

Aibu yenyewe ni hii. Ninayomwambia daktari si kweli.

Ijumaa, 20 Juni. Mbale

Daktari aliuliza kama anachoma sindano asubuhi na jioni. Nikatafsiri. Baba akatazama ukuta.

"Mwambie ndiyo."

Nikasema ndiyo. Kwa Kiingereza kizuri. Mwalimu wangu angefurahi.

Vichupa vyote vya dawa viko nyuma ya duka, ndani ya chungu cha maji ili visipate joto. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Rafiki yake, Mzee Swaleh, alianza sindano akafa mwaka huohuo. Baba anasema sindano ndiyo iliyomwua. Anakunywa kombe: Shehe anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaziosha kwa maji, Baba anakunywa. Mimi sidharau kombe. Nilipougua surua nililinywa. Lakini nilikuwepo Shehe aliposema, "Kunywa hili, na dawa za hospitali usiache." Baba alichukua nusu ya kwanza akaiacha ya pili pale mkekani.

Daktari alitazama kipimo, akatikisa kichwa, akaongeza dawa. Akaandika namba mpya kwenye kadi. Ni mara ya nne anaongeza. Anapigana na sukari isiyoshuka, na hajui kwamba silaha zake zote ziko kwenye chungu.

Njiani nilijaribu. Nilisema, "Baba, siku moja tumwambie tu."

Akasimama katikati ya barabara. "Wewe binti, ni mdomo wangu au ni polisi?"

Nikasema ni mdomo wake.

Jumanne, 24 Juni

Jaribio la biolojia. Swali la tano: eleza kazi ya insulini mwilini na kinachotokea ikizidi. Nilieleza. Jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia. Nilichora mchoro na mishale. Nimepata alama zote.

Mwalimu wa darasa aliniita. Ijumaa zimezidi, na mwaka huu ni wa mtihani wa taifa. Aliuliza kama hakuna mtu mkubwa wa kumpeleka Baba. Nikasema Baba ananitaka mimi. Nilisema kwa majivuno kidogo. Naandika hilo pia.

Alhamisi, 26 Juni. Mbale

Nimemkuta na homa. Mguu umevimba hadi kifundo na unanuka. Shangazi ameita gari. Baba hakubishana. Homa ilimmaliza nguvu za kubishana. Amelazwa. Mimi ndiye mhudumu wake: mkeka, ndoo, beseni, chupa ya chai.

Ijumaa, 27 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za wodi.

Asubuhi sista alikuja na sindano. Akasoma kadi. Akavuta dawa kufuata ile namba ya wiki iliyopita. Nilikuwa nimesimama pale. Nilijua namba ile imetoka wapi. Imetoka kinywani mwangu. Nilijua mwili wake haujawahi kuonja hata tone, na kwamba usiku kucha hakula, na uji wa asubuhi ameuacha.

Nilinyamaza. Niliwaza: alhamdulillahi, hatimaye ameipata.

Nilipata alama zote katika swali la tano, na nilinyamaza.

Kabla ya adhuhuri alilowa jasho hadi shuka. Akaniita jina la Mama. Kisha hakuniita jina lolote. Macho yakageuka juu. Nilipiga kelele. Sista akaja mbio, akapima, akamwita daktari. Daktari akauliza kwa Kiingereza: dawa hii hii si ndiyo anayochoma nyumbani?

Nikasema hapana. Hajachoma hata siku moja. Nimekudanganya tangu Februari.

Aliniangalia mara moja tu, kisha akashughulika na mshipa. Dripu ya glukosi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikaa wima kutazama. Baada ya muda Baba akafungua macho, akaomba chai.

Nusura nimwue. Nimeandika. Liko hapa.

Jumapili, 29 Juni

Amejua kwamba nimesema. Mama mmoja anayeuguza mtu kitanda cha pili alimsimulia kwa Kiganda, neno kwa neno, na kuongeza chumvi.

Hakuongea nami jana kutwa. Leo nilipokuwa naosha mguu wake, aliiambia wodi nzima, "Huyu mnamwona? Nimemsomesha. Amenivua nguo mbele yenu." Wengine walicheka. Mzee mmoja, akiitania sauti yake ya kijeshi, alisema, "Afande, mtoto ni wako, mfunike." Baba akasema, "Wangu? Wangu angejua kufunga mdomo."

Nilimaliza kufunga bandeji. Nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, na nusu yakanipotea. Nilisema nitakuja. Nitamfulia, nitamwosha, nitampikia. Akitaka nimtafsirie, nitatafsiri yaliyo kweli. Yasiyo kweli sitayasema tena, hata akiniapiza.

Akanitazama kama anavyomtazama mteja aliyerudisha bati lililokatwa.

"Nani kakufunza kuniwekea sheria?"

Nikachukua beseni. Sina mtu wa kumtaja.

Madrasa walitufundisha: mzazi usimwambie hata "uf". Sikusema "uf". Lakini nikiwa chooni nililia kwa sababu niliyosema yalifanana nayo.

Jumatano, 2 Julai

Daktari alipita na wenzake. Alisema vidole viwili vikatwe Ijumaa. Vikiachwa, utafuata mguu, na baada ya mguu hakuna cha kufuata. Nilitafsiri kila neno. Hata hilo la mwisho. Sauti haikukatika.

Asubuhi Baba alikuwa ameshaniambia mpango wake. Ataomba ruhusa ya siku mbili aende akafunge hesabu za duka, na hatarudi. Kuna mganga Bugiri anayefufua nyama.

Akasema, "Mwambie nimekubali. Ila niende nyumbani siku mbili."

Daktari alingoja. Wenzake walingoja. Sikufungua mdomo. Nilitazama beseni. Nilisikia mtu anakoroga chai upande wa wanawake.

Ndipo Baba akasema mwenyewe. Kwa Kiganda. Laini, cha adabu, akimwita daktari *ssebo*, yaani bwana, mkono kifuani. Alisema amekubali kwa moyo wote. Alisema atarudi Ijumaa mapema. Alitabasamu, na ni tabasamu zuri sana la Baba, ambalo sijaliona tangu Idi.

Daktari akashangaa, kisha akafurahi. Akaandika ruhusa.

Basi alikuwa anaweza. Miezi yote hii alikuwa anaweza kusema uongo wake mwenyewe. Alitaka upite kwangu ili kama kuna dhambi tuigawane, au ili asiwe yeye. Sijui. Ningependa kujua, na naogopa kujua.

Nilimfuata daktari hadi mlangoni. Nikamwambia hatarudi. Akavua miwani. Akasema mtu mzima mwenye akili zake hafungwi kamba kitandani. Akasema nimefanya vizuri kumwambia. Kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine.

Nimefanya vizuri, na Baba ameenda nyumbani kufa.

Ijumaa, 4 Julai

Hakurudi hospitali. Kitanda chake amepewa mwingine.

Jumamosi, 5 Julai. Nkoma

Shangazi amenisihi nimwombe Baba radhi. "Mzazi ni mzazi, Mariam. Hata akikosea, wewe ndiye unayeinama." Yeye mwenyewe ni mwalimu na anamwogopa Baba kuliko mkuu wa shule.

Nilikwenda dukani. Alikuwa amekaa kwenye ndoo ya rangi, mguu umefungwa majani na kitambaa cheusi. Nzi. Nilipiga magoti. Niliomba radhi kwa kusema mbele ya watu. Akangoja. Alitaka niombe radhi kwa kusema. Sikuomba.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Baba."

"Rudi Jinja ukasome. Nimepata anayejua kunyamaza."

Ni mtoto wa jirani, Saidi, ana miaka tisa. Ndiye anayemwagia maji mguuni. Nilitaka kumwondoa kwa nguvu. Nikamwonyesha tu jinsi ya kunawa mikono baadaye kwa sabuni, hadi kiwikoni. Baba alitazama na hakukataza.

Nilipitia kwenye chungu. Nilitoa vichupa, nikafuta kila kimoja, nikabadilisha maji, nikarudisha.

Jumanne, 8 Julai. Walukuba

Sili vizuri. Habuba anasuka kifuniko cha chakula, nyekundu na zambarau, na haulizi lolote. Nilimweleza kila kitu. Alisuka duara mbili nzima ndipo akasema, "Alikuwa hivyo hata tumboni." Kisha akasema nisimwambie mtu kwamba amesema.

Simu ya Baba inaita hadi inakata. Nimepiga mara kumi na moja.

Nilifikiri ukiweka mpaka, mtu atasimama upande wa pili. Sikufikiri kwamba anaweza kugeuka akaondoka.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekaa darasani siku ya Ijumaa. Ya kwanza tangu Februari. Mwalimu amefurahi kuniona. Saa nne, saa ya kliniki, sikuandika kitu kwenye daftari la fizikia.

Jumapili, 13 Julai

Shangazi amepiga simu. Vidole vitatu sasa ni vyeusi. Mganga wa Bugiri ameacha kuja. Baba hakai tena kwenye ndoo ya rangi, analala. Lakini jana alimwuliza Saidi kama Ijumaa ile ya kukatwa vidole daktari alitazama kitanda chake. Saidi alijibu hajui. Shangazi anasema Baba hakuuliza tena.

Mimi na Shangazi tumempigia daktari. Atampokea siku yoyote, bila lawama.

Mvua imenyesha kidogo asubuhi, ikaacha. Habuba amelala. Mzee Ramadhani, dereva wa lori linalopeleka mabati dukani kwa Baba, yuko nje anaangalia matairi. Nimempa barua. Nimeinakili hapa, kwa sababu niliapa yote.

*Baba, asalamu alaikum.*

*Habuba mzima. Mimi mzima, nasoma.*

*Daktari anakungoja. Tumemwuliza. Sijaahidi kitu kwa niaba yako. Ukienda, nitakuja na mkeka wangu nilale chini ya kitanda chako mpaka utoke. Sitazungumza ila ukiniambia, na nikizungumza itakuwa kweli. Hilo sijalibadilisha, na naomba usinitake nilibadilishe.*

*Mimi pia nilikosea. Siku ile ya sindano nilijua, nikanyamaza. Kwa hilo nakuomba radhi, na sijawahi kukuambia.*

*Mzee Ramadhani akishusha mabati atasubiri dakika chache kabla ya kugeuza gari. Huna haja ya kuandika. Mwambie neno moja anibebee, nipo mlangoni namngoja.*

*Nije?*