Mafuta Yasimwagwe Mvua Ikinyesha

Jumatatu, 10 Aprili 1972. Kitaya
Nimechota maji kwa upawa mara kumi, mashimo kumi. Viluwiluwi vya mbu: sifuri. Mvua tangu jana inchi mbili na nusu. Mashimo haya watu wamechimba udongo wa kukandikia nyumba, kila ua una lake, jumla thelathini na moja. Yote yanafurika.

Amri ya ofisi: mafuta ya kuua viluwiluwi yamwagwe leo. Nimemwaga debe moja. Kabla sijainua kichwa yalikuwa yameshafika mashamba ya mpunga. Yamebaki madebe matano. Simwagi tena. Mvua inafagia viluwiluwi bure. Hatari ni jua likitoka, maji yakitulia.

Jumatano, 12 Aprili
Mkuu wangu kaja na Landrova, imekwama mara mbili njiani. Kaona madebe bado yamejaa. "Nani kakupa ruhusa ya kufikiri?" Kasema homa ikizidi hapa, sina kazi. Kaliandika hilo mbele yangu.

Nimekasirika mpaka sasa. Yeye ana cheti, mimi nina miaka tisa ya upawa. Nilianza kwa kufagia uwanja wa ofisi. Kiti chake nilikishikilia miaka miwili, wakamleta yeye.

Ijumaa, 14 Aprili
Mvua imekata. Jua kali. Siku ya kwanza.

Bi Somoe, ambaye mwaka jana homa ilimchukulia mtoto, kanipigia kelele toka uani: "Bwana Mbu! Mafuta hayo unangoja dagaa?" Wakacheka wote. Nikacheka kidogo. Ana watoto wengine watatu. Usingizi hauji.

Jumatatu, 17 Aprili
Siku ya nne. Viluwiluwi kumi na mmoja, wadogo. Maji bado yanapita toka shimo hadi shimo. Nangoja.

Alhamisi, 20 Aprili
Siku ya saba. Sitini na wanne, wamenenepa, wamelala sambamba na uso wa maji. Hawa ndio wa homa. Kesho kutwa wangeruka. Maji yametulia, kila shimo peke yake.

Nimemwaga alfajiri hadi alasiri. Bi Somoe kajitwika debe bila kuombwa. "Ukikosea, Bwana Mbu, nahamia kwako na wanangu." Mafuta yametosha mashimo thelathini. La mwisho tumelifukia kwa jembe, mimi na yeye. Mgongo umekufa.

Jumamosi, 22 Aprili
Sifuri. Sifuri. Sifuri. Nilijua.

Jumatatu, 8 Mei
Zahanati: foleni fupi. Wa Kitaya wenye homa wanne, wakubwa watupu. Mwaka jana wiki kama hii walilala hadi nje, kwenye mikeka.

Barua ya ofisi imefika. Inasifu "utekelezaji wa amri kwa wakati". Jina langu halimo. Kazi ninayo.

Magharibi nimekula ugali barazani kwa Bi Somoe, miguu wazi. Watoto watatu wamegombania kichwa cha samaki. Nimejipiga kofi la mbu mara mbili tu. Nimehesabu.