Mkato wa Goreti

Ijumaa, wiki ya tisa ya muhula. Mvua imenyesha tangu saa nane, mtaa wetu wa Gungu wote ni tope jekundu, na mimi nina hasira. Sitaki chai. Sitaki kuongea na mtu. Naandika ili nisije nikampigia simu mwalimu mwenzangu nikamwambia yote yaliyonijaa moyoni.

Jumatatu yalibandikwa matokeo ya nusu muhula. Goreti, mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, alikuwa wa mwisho kwenye hisabati. Maksi ishirini na nne. Goreti huyu huyu anayemaliza zoezi kabla sijafuta ubao! Alitoka Burundi mwaka juzi, watu walipokuwa wanakimbia, na anaishi Katubuka kwa mama yake mdogo aliyeolewa hapa zamani. Darasa lilicheka. Mmoja akasema, "Mkimbizi hata hesabu kazikimbia." Goreti hakulia. Alibeba begi lake akaondoka, na Jumanne hakuja shule.

Mtihani sikuusahihisha mimi, maana kwetu walimu tunabadilishana mikondo. Nikaiomba karatasi yake.

Nilipoisoma nilikaa chini.

Swali la kwanza, jumlisha 3.75 na 8.5. Goreti kaandika 12,25. Kosa. La pili, 7.5 gawanya kwa 3. Kaandika 2,5. Kosa. Ukurasa mzima hivyo hivyo, kila penye mkato pamepigwa alama nyekundu ya kosa. Kwao ndivyo walivyofundishwa kuandika desimali: pale sisi tunapoweka nukta, wao wanaweka mkato. Hesabu zenyewe ziko sawa. Niliisahihisha upya, nikapata sabini na moja.

Nikampelekea mwenzangu aliyesahihisha. Hata hakuinua kichwa. "Hapa siyo Burundi, Mwalimu. Ajifunze."

Ajifunze! Nani alimfundisha?

Hapo ndipo hasira ilipobadilika mwelekeo, na hili nalisema kwa aibu. Nilikumbuka daftari lake la Januari. Mimi mwenyewe niliizungushia mikato yake duara nikaandika pembeni "Nukta!" basi. Sikumwita. Sikumuuliza. Nilikuwa na madaftari sabini mezani na nilitaka kwenda nyumbani.

Miaka sita niko Kigoma, nimeletwa na kazi kutoka Singida. Darasani kwangu kuna watoto wa Ujiji waliokulia Kiswahili, kuna Waha waliokutana na Kiswahili shuleni, kuna watoto wa watumishi wanaohama kila baada ya miaka miwili, kuna waliovuka mpaka. Kila mmoja anakuja na njia yake ya kuhesabu. Kwenye semina mimi ndiye ninayesimama na kusema mwalimu asimwambie mtoto amekosea kabla hajamuuliza, "Umefikaje hapo?" Maneno matamu. Goreti sikumuuliza.

Jumatano nikapanda bodaboda hadi Katubuka. Mama yake mdogo alikuwa uani anaanika dagaa. Nilipobisha hodi alinijibu "Mwiriwe," salamu ya kwao ya Kirundi, kabla hajanitazama vizuri, kisha akabadilisha haraka, "Karibu, mwalimu, karibu," kama mtu aliyekamatwa na kitu mkononi. Hilo nalo lilinichoma.

"Anasema hesabu hana akili nazo," aliniambia. "Anataka nimtafutie kazi kule Katonga ufukweni, kwenye samaki."

Goreti alisimama mlangoni, hataki kutoka. Nilimwonyesha karatasi. Nikamwambia mbele ya mama yake mdogo kwamba majibu yake yalikuwa sahihi, na kwamba mimi, mwalimu wake, nilipaswa kumweleza habari ya nukta tangu Januari na sikufanya hivyo. Alipitisha kidole kwenye majibu, moja baada ya jingine.

"Kwa hiyo nilijua?" aliuliza.

"Ulijua."

Jana asubuhi alikuwa darasani.

Lakini maksi zilikuwa bado ukutani. Mwalimu wa taaluma akasema hawezi kubadilisha matokeo yaliyokwisha kubandikwa, labda mtoto aje na mlezi wake aombe kwa adabu, ofisini. Aombe! Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Mwisho nikakubali, kwa sababu nilichoka. Hilo pia naliandika hapa.

Leo saa nne wamekuja. Mama mdogo amevaa kitenge chake kizuri, ameanza kuinama kabla hajafika mezani. "Shikamoo, mwalimu. Tunaomba utusamehee huyu mtoto..."

Goreti amemshika mkono akamsimamisha.

"Shikamoo, mwalimu," amesema, polepole, kwa ile lafudhi yake wanayoicheka. "Mimi sijaja kuomba. Nimekuja kuchukua maksi zangu."

Mwalimu wa taaluma amenitazama mimi, kana kwamba nimemfundisha aseme hivyo. Laiti ningekuwa nimemfundisha. Kisha ameivuta karatasi, amelipitia swali moja, la pili, la tatu, akachukua kalamu na kuandika sabini na moja. Hakuomba radhi.

Watu wananiambia nitulie, yameisha. Hayajaisha. Madaftari ya Januari bado ninayo kichwani, na sijui ni wangapi wengine niliowazungushia duara nikaenda nyumbani. Jumatatu nitaanza kuyapitia, mtoto mmoja mmoja, na nitauliza.

Ila swali linalonikosesha raha jioni hii ni jingine. Mimi, nikiwa na miaka kumi na minne, kwenye nchi ya watu, mbele ya meza ile, ningethubutu kumsimamisha mama yangu?