Nafasi Tupu Mbele ya Jina la Babu Anselmo

Chiola,
Nachingwea.
9 Novemba, 2024.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu Rogath,

Hivi miguu unayo, au huko Mwanza wameikata? Misimu ya korosho inakuja inaondoka, wewe hatukuoni. Tulipomzika shangazi yako Lusia ulituma rambirambi kwa simu. Simu inachimba kaburi? Nimekukasirikia, na nimekukumbuka mpaka naumwa.

Hujambo lakini? Kile kifua kimepona? Unakula chakula cha watu, au ni chipsi tu? Sisi tuko salama. Mimi ni goti tu, na mvua bado inatuzungusha. Prisila anayaandika haya ninavyoyasema, nimemkataza kuyapamba.

Sikupigi simu kwa sababu jambo lenyewe sitaki jirani alisikie. Naogopa, Rogath. Barua anakuletea Teddy, anarudi huko kazini.

Ni ile karatasi ya ukoo uliyowatumia watu wa Ruangwa. Najua ulitaka heri. Ulitaka kujua jina letu la Namkunda lilitoka wapi, ukaomba misheni wakusomee vitabu vya ubatizo, ukawapigia wazee simu, ukachora. Nilipoonyeshwa nilifurahi. Baba mkwe wangu umemweka juu kabisa kama mkuu wa wilaya, na alikuwa mlevi yule!

Ila kila marehemu umemwandikia mwaka aliozaliwa, kistari, na mwaka aliokufa. Ukafika kwa babu yako Anselmo, mdogo wake marehemu mume wangu, mtu mzima anayepumua. Ukaandika mwaka aliozaliwa, ukatia kistari, halafu ukaacha nafasi tupu.

Nafasi hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Hukufundishwa, maana baba yako alifariki ungali mdogo. Katika ukoo wetu, Namkunda mnaandikwa nyote kwenye vyeti, lakini anayelikalia jina ni mzee mmoja. Akiwa hai, asili ya jina haiulizwi. Inaulizwa matangani kwake, na anayeuliza ndiye anayesema, nipeni mimi. Anselmo mwenyewe aliuliza hivyo tulipomzika babu yako. Sasa wewe umewauliza wazee wote, na mwenye jina yupo, anatafuna muhogo.

Mwanawe Protasi ndiye aliyemsomea ile karatasi. Kulipokucha mzee akamwita fundi, akachagua mbao za mninga za jeneza lake. Tangu hapo amekataa chakula. Walimpeleka hospitali, daktari hakuona ugonjwa. Yeye anasema ameshaitwa.

Nilienda Ruangwa kwa bodaboda na goti langu hili. Nikamkuta barazani, mashavu yamezama. Nikamwambia, "Shemeji, upuuzi gani huu?"

"Dionisia, usinigombeze. Mjukuu wako ana haraka."

"Mtoto hajui!"

"Amesoma mpaka chuo, hili hajui? Basi wamrudishie ada."

Tukacheka wote wawili. Lakini nilipomshika mkono, ulikuwa mwepesi kama ukuni uliokaa juani, na kicheko kikanikauka.

Wakati wa kuondoka Protasi alinisindikiza hadi barabarani. Akasema, "Mama mkubwa, baba akifa, Rogath asije msibani. Mwambie asije kabisa." Alisema polepole. Protasi tunamjua ni mtu wa kelele. Angenifokea ningerudi nyumbani nikalala. Na wapo huko wanaosema umemloga mzee kwa kalamu.

Rogath, Anselmo ndiye aliyenilimia shamba nilipofiwa, akawalisha watoto wangu pamoja na wake. Akifa kwa jambo hili, nitamlilia yeye, kisha nitakulilia wewe, kwa sababu kifo chake kitakuganda maisha yako yote. Usitume pesa. Usitume maelezo yale ya kwenye simu, wala karatasi nyingine iliyosahihishwa. Omba ruhusa kazini. Wakikunyima, mume wangu we, ondoka hivyo hivyo.

Prisila anakusalimu, na shangazi yako Zena pia, ingawa anasema hakusalimu mpaka akuone. Wasalimie wote mnaoishi nao. Mungu akutangulie njiani, azuie mabaya yasikufikie, na babu yako amwachie pumzi mpaka ufike.

Ni mimi bibi yako, mke wako wa kwanza, nikupendaye hata ninapokufokea,
Dionisia

Ukija usianzie kwangu. Shuka Ruangwa, nenda moja kwa moja kwa babu yako, Protasi akikufungia mlango kaa hapo hapo nje mpaka achoke. Ukiingia usiombe radhi na usimtaje Namkunda yeyote. Keti chini, sema una njaa, na usile tonge hata moja mpaka yeye atie mkono kwenye sahani.