Daktari Aliyeshona Koti Lake

Kambini, 4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Bigwa? Mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi mzima, na wenzangu wa hospitali ya jeshi wazima. Mtandao huku ni wa kubahatisha, ndiyo maana nimempa barua Koplo Yunusi anayekuja likizo.

Msiwe na wasiwasi, kazi yetu ni vicheko. Juzi Dokta Rogers alishona jeraha la askari, kumaliza akakuta ameshona na mkono wa koti lake. Wakatoka wameshikana kama maharusi.

Mkuu anatafuta manesi wa kubaki miezi sita zaidi baada ya Mei. Naona nitajiandikisha.

Mwanao,
Cecilia

Bigwa, 10 Machi 2024

Mwanangu Cecilia,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila mgongo wa mama yako ni uleule na kabichi zimeingiliwa na wadudu.

Jumamosi jirani yetu Fransisko alinipeleka kibanda cha video, Mwembesongo. Wanaonyesha tamthilia ya zamani ya madaktari wa jeshi, na mtafsiri kawabatiza wote majina ya kwetu. Nilikwenda ili nione unavyoishi. Akatokea Dokta Masumbuko, akashona jeraha pamoja na koti lake. Mtafsiri akasema, "Haya, maharusi hao wanatoka." Kibanda kizima kikacheka. Mimi nilitoka nje nikakaa.

Mama yako sijamwambia. Barua yako anairudia kila siku, anacheka peke yake. Lakini mimi niambie ukweli, huko kukoje?

Baba yako

Kambini, 2 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Nisamehe. Tamthilia hiyo tunayo kwenye flashi, tunaitazama tukitoka zamu, tumeshaikariri. Nilishika kalamu nikakosa la kuwaandikia, nikaazima.

Nimechoka, baba. Dokta Rogers hajawahi kutuchekesha, tangu Januari hasemi na mtu. Innocent wa Mgeta, askari aliyekuwa akituongozea nyimbo Jumapili, aliletwa na risasi tumboni. Aliomba nimsemeshe Kiluguru cha nyumbani. Nilimsemesha mpaka akawa hajibu.

Karatasi ya miezi sita ninayo mfukoni. Naogopa kubaki. Naogopa pia kurudi, nikae na mama akisubiri nimchekeshe.

Mwanao,
Cecilia

Bigwa, 21 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimemsomea mama yako barua yote. Alikwenda kuchambua mchicha, kisha akarudi. Kasema, "Mwambie nyumbani hakuna zamu. Akitaka kununa, anune."

Na mimi nasema, usiitie saini karatasi hiyo.

Baba yako

Kambini, 9 Mei 2024

Baba na mama,

Shikamooni. Karatasi nimeirudisha bila saini. Nafika mwisho wa mwezi.

Jana Dokta Rogers alisinzia wima akinawa mikono. Nikafunga bomba, nikamshika kiwiko asianguke. Akafumbua macho, akaniuliza, "Sista, mgonjwa ni nani kati yetu?" Nilicheka mpaka nikalia, na yeye akacheka.

Baba, msomee mama. Hii haimo kwenye tamthilia.

Mwanenu,
Cecilia