Mama Urari na Somo Moja Lililobaki

Mwaka umetimia, Mama, tangu presha ikuchukue Jumanne ile asubuhi, kikokotoo chako kikiwa bado kwenye pochi.

Ulikuwa keshia wa hospitali kwa miaka kumi na tisa. Mgonjwa asiyejua kusoma ulimsomea risiti yake mstari kwa mstari, foleni inune isinune. Ulipofika miaka arobaini na sita ukaanza masomo ya jioni ya uhasibu, nasi tukacheka. Baba akakubatiza Mama Urari, akakuuliza kama unataka cheo cha mhasibu mkuu wa jikoni.

"Kawia ufike, mume wangu," ulimjibu, ukaendelea kumenya vitunguu, daftari likiwa wazi mbele yako.

Ulitufundisha bila kuombwa. Pande mbili za urari, yaani jedwali la kulinganisha hesabu, zikikataa kulingana, tazama tofauti yake. Ikigawanyika kwa tisa, huenda kuna tarakimu mbili umezigeuza. "Kosa lina alama yake," ulisema. "Litafute, usilifunike."

Basi silifuniki. Ulifaulu yote, likabaki somo la ukaguzi. Mtihani ukaangukia Jumamosi ya kikao cha mwisho cha harusi yangu, na mweka hazina ulikuwa wewe. Tuliokucheka kwa kusoma uhasibu ndio tuliokuhitaji utusomee hesabu.

Mimi, binti yako mkubwa, ndiye niliyesema, "Mama, mtihani si upo kila mwaka? Harusi ni moja. Usiniaibishe mbele ya wajumbe."

"Haya, mwanangu," ulisema, ukarudisha kalamu zako mbili kwenye pochi.

Taarifa ilikuwa ukurasa mmoja. Uliipanga vizuri kiasi kwamba yeyote angeweza kuisoma kwa niaba yako. Wajumbe walikupigia makofi, na mimi nikapiga. Naona aibu hadi leo. Harusi ukaicheza, na wiki mbili baadaye ukaondoka.

Mwezi uliopita nilipita nje ya ukumbi wa mtihani. Watahiniwa walikuwa kwenye foleni, wengine wana mvi kukuzidi. Mtihani upo kila mwaka, Mama, sikukudanganya. Aliyekuwa mmoja ni wewe.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye hataki tena mtu aguse madaftari yako. Mwanao fundi redio. Dada yako mshonaji. Wenzako wa dirisha la malipo. Na mimi, ninayekuomba radhi. Hatutakusahau kamwe, Mama Urari.