Nyuki Elfu Moja wa Jesca

S.L.P. 47,
Ikungi,
Singida.
21 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Urbano,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama Peniel na watoto. Mgongo unaendeleaje, bado unakusumbua ukisimama sana pale jikoni kazini? Na Peniel ameshaota meno ya mbele? Mama amesikia kwamba huko Finland baridi imeanza mapema, akaniagiza niandike kabla ya neno lingine lolote kwamba watoto wavae soksi. Nimeandika.

Sisi hatujambo. Presha ya Mama imetulia tangu alipobadilishiwa dawa. Alizeti tumevuna, si nyingi kama mwaka jana, lakini mafuta ya kula hatutanunua. Upepo wa mwezi huu umeng'oa bati la banda la kuku, na jirani yetu Samweli amelirudishia. Mimi bado nipo pale pale kwenye duka la dawa za mifugo.

Ulilalamika kwamba kwenye simu tunakupa habari vipande vipande. Safari hii nimeamua kukaa chini na kalamu, kwa sababu Mama atakupigia siku si nyingi kuhusu mdogo wangu Jesca, na ningependa uwe umeyajua mambo tangu mwanzo.

Lile boksi la karata za majoka ulilotuachia Krismasi ya mwaka juzi ndilo lililoanzisha yote. Ulitufundisha mchezo kwa siku tatu, ukaondoka, na mimi nikadhani boksi litaishia juu ya kabati. Halikuishia huko. Jesca alinunua kamusi ya Kiingereza akakaa nazo karata moja baada ya nyingine, akiandika maana ya kila moja kwenye daftari lake la vipimo vya nguo. Nadhani ni kwa sababu kila kinachotakiwa kujulikana kimeandikwa hapo hapo kwenye karata. Tangu ule ugonjwa uliomchukulia masikio akiwa na miaka mitatu, sijui kama kuna kitu kingine kiliwahi kuingia nyumbani kwetu namna hiyo, ambacho hahitaji mtu wa kumweleza wengine wanasema nini.

Mama mwanzoni hakupenda. Kwake karata ni kamari, na ile yenye fuvu alikuwa akiigeuza kifudifudi kila akipita mezani. Halafu akasikia vijana wakiita seti zao za karata deki, akaniuliza mbona watu wanaopiga deki kila Jumamosi nyumba zao haziko safi.

Vijana wenyewe ni wa Singida Mjini. Kuna fundi simu anaitwa Hosea, ana chumba kikubwa nyuma ya duka lake, na kila Jumamosi mchana wanakutana watu kumi hivi: wanachuo, karani mmoja, mwalimu wa sekondari. Tulianza kwenda mwaka jana mwezi wa nane. Nasema tulianza, maana mimi ndiye niliyekuwa nikikaa pembeni yake na kusema kwa sauti kile ambacho mikono yake imesema. Sheria ndiyo inavyotaka: ukiweka karata, utaje jina lake na kazi yake, ili mwenzako apate nafasi ya kupinga.

Sasa nikueleze seti yake, kwa kuwa wewe utaielewa kuliko mimi. Kila mtu pale ana majoka na majitu, na mchezo wao ni kupigana mpaka uhai wa mmoja uishe. Jesca alikwenda kuokota karata ambazo hakuna anayezitaka. Kuna Mfuga Nyuki: kila kiumbe wako anaporudi mkononi, yeye anakupa nyuki mmoja. Kuna Kengele, inayomrudisha kiumbe mmoja mkononi kisha inalala. Kuna Mlango wa Nyuma, unaomruhusu aliyerudi aingie tena bila gharama. Na kuna Mpiga Kengele, kizee mwenye nguvu moja tu, ambaye akiingia mezani anaiamsha Kengele.

Umeshaona? Kizee anaingia, Kengele inaamka, Kengele inamrudisha kizee mkononi, nyuki anapatikana, kizee anapita Mlango wa Nyuma na kuingia tena. Hakuna mwisho. Vijana huita mpango kama huo kombo. Nyuki mmoja anauma uhai mmoja tu, lakini unaweza kuwa nao wengi unavyotaka. Shida ni kwamba karata zote nne lazima zije, na kabla hazijaja Jesca anapigwa tu. Alipoteza michezo kumi na saba mfululizo. Hosea alimwandikia kwenye simu kwamba aweke angalau joka moja. Jesca akamjibu kwamba joka litachukua nafasi ya mtu mwenye kazi.

Nyuki anawahesabu kwa vifungo vya mashati, ana kopo zima.

Sasa Mjomba, nifike kwenye kosa langu. Mwezi wa sita yalifanyika mashindano ya kumpata atakayewakilisha Singida huko Dodoma. Jesca alifika mchezo wa mwisho na kijana mmoja wa chuo, Christopher. Karata zote nne zikaja. Akaanza kuzungusha, na mimi nikawa nasema: kizee anaingia, kengele, nyuki; kizee anaingia, kengele, nyuki. Christopher alikuwa na uhai ishirini na mbili. Vifungo vilipofika kumi na tano, Jesca akaiweka mikono yake juu ya meza. Mimi, bila kumwangalia usoni, nikasema, "Tayari. Nyuki wanashambulia."

Likishasemwa limesemwa. Nyuki kumi na tano wakauma, Christopher akabaki na saba, na zamu yake ilipofika joka lake likammaliza Jesca. Watu wakapiga makofi. Jesca hakuelewa kwa nini nyuki wake wameondolewa mpaka alipouona uso wangu.

 Tulipofika nyumbani Ikungi ndipo akaniambia, kwa mikono, polepole kama anayemfundisha mtoto: "Mikono yangu ilikuwa imepumzika. Haikuwa imemaliza." Halafu akaongeza, "Umesema maneno ambayo mimi sikuyasema. Mara ngapi?"

 Nilianza kukumbuka, na kadiri nilivyokumbuka ndivyo yalivyozidi kuwa mengi. Kliniki, shuleni, kwa wateja wake wa nguo. Siku ile Mchungaji alipomwuliza kama yuko tayari kubatizwa, ni mimi niliyejibu ndiyo. Jesca alikaa wiki nzima bila kunisemesha, na mtu asiyesema kwa mdomo akikunyima mikono yake na macho pia, Mjomba, nyumba inakuwa kubwa.

Wiki ilipoisha nikamkuta anakata karatasi ya manila. Aliandika vipande vyake kwa wino mweusi, herufi kubwa, akavifunika kwa nailoni. NINAMWEKA MPIGA KENGELE. KENGELE IMEAMKA, UNA PINGAMIZI? NARUDIA MARA... halafu nafasi ya kuandika namba. Kimoja kinasema NIMEMALIZA. Na kimoja, kikubwa kuliko vyote, kinasema NGOJA, BADO NAFIKIRI.

Christopher alipopata ratiba ya mitihani, ikaangukia siku ile ile ya mashindano ya Dodoma. Nafasi ikashuka kwa Jesca. Alimwandikia mwenyewe mwamuzi wa huko, mama mmoja anaitwa Scola, kumwuliza kama maandishi yanakubalika badala ya sauti. Akajibiwa kwamba yanakubalika mradi mwenzake ayasome. Barua pepe hizo mimi nilikuja kuziona baadaye, kama mgeni.

Mama akakataa asiende peke yake, basi nikamsindikiza. Kwenye basi, tulipopita Manyoni, akaniambia: "Leo usinisemee. Hata nikishindwa. Hata nikilia." Nikamkubalia.

Ukumbi ulikuwa wa chuo, watu thelathini na mbili, na wanawake niliowahesabu ni wanne. Nilikaa kwenye benchi karibu na mlango. Mchezo wa kwanza kati ya minne akapoteza, karata zilikataa kabisa kuja. Wa pili akashinda. Wa tatu akapangiwa bwana mmoja anaitwa Mazengo, bingwa wa mwaka jana, mtu mzima mwenye miwani na majoka tisa.

Mazengo si mtu mbaya. Alipoona vipande vya manila akavirudisha mezani kwa adabu, akasema, "Hapana, hivi vitatuchelewesha. Nimeambiwa amekuja na dada yake. Dada mtu aje atafsiri, twende haraka." Scola akageuka akanitazama. Meza za jirani nazo zikanitazama. Nikasimama.

Ukweli ni kwamba miguu ilisimama yenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili nilipoona Jesca ananiangalia. Hakufanya ishara yoyote. Alikuwa anasubiri tu kuona nitafanya nini.

Nikamwambia Scola, "Mimi simo kwenye mchezo huu. Muulizeni mwenyewe." Nikarudi kukaa. Mikono nikaiweka chini ya mapaja, maana sikuiamini.

Scola akaandika swali kwenye karatasi, Jesca akajibu, Mazengo akasoma, akashusha pumzi, wakaanza. Ilikwenda taratibu kweli. Jesca alipigwa mpaka akabaki na uhai nne. Niliona Mfuga Nyuki anakuja, kisha Kengele, kisha Mlango. Halafu zamu mbili hakuna kitu. Zamu ya tatu akavuta karata, akaiangalia, akanyanyua kile kipande kikubwa: NGOJA, BADO NAFIKIRI. Mazengo akangoja. Ukumbi wote ukangoja, Mjomba. Katika maisha yangu sijawahi kuona watu wakimngoja Jesca hivyo.

Akamweka kizee. Akaonyesha mzunguko mmoja, hatua kwa hatua, kifungo kimoja mezani. Mazengo akapinga: "Haiwezekani. Mlango wa Nyuma ni kwa kiumbe aliyerudishwa na adui." Jesca akaisukuma karata mbele na kuweka kidole kwenye mstari wa pili. Scola akainama, akasoma, akasoma tena. "Haisemi aliyerudishwa na nani," akasema. "Inasema aliyerudi. Mzunguko ni halali."

Mazengo akavua miwani. "Sawa. Unarudia mara ngapi? Nyuki wangapi?"

Jesca akachukua kalamu akaandika kwenye kile kipande chenye nafasi, akakigeuza wasome: ELFU MOJA. Hapo kopo lake lina vifungo mia mbili tu. Watu wakacheka, Mazengo akacheka kuliko wote, akampa mkono kwa mikono miwili. Jesca kwanza akanyanyua NIMEMALIZA, ndipo akaupokea.

Mchezo uliofuata alishindwa na msichana wa Dodoma, haraka sana. Alimaliza wa kumi na sita na zawadi yake ilikuwa pakiti moja ya karata mpya. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia kidogo, chooni.

Sasa linakuja lile ambalo Mama atakupigia. Kwenye ukumbi ule alikuwepo mama mmoja anaitwa Marietha, aliyemsindikiza mwanawe kucheza, anatoka Singida Mjini, ana karakana ya kushona sare za shule. Aliona vifungo, akauliza kama Jesca ni fundi, akaikagua mishono ya blauzi aliyovaa. Wakaandikiana mpaka basi likakaribia kutuacha. Anataka Jesca akafanye kazi kwake kuanzia mwezi wa kumi na moja, akiwa fundi wa mashine ya vifungo na kola, na pale pale uani kuna chumba cha kulala.

Jesca ameshasema ndiyo. Mama amesema hapana, au kama ni lazima aende, basi niende naye. Anasema mtu atagonga mlango naye hatasikia, anasema bodaboda watampitia juu. Sikatai kwamba anaogopa, hata mimi naogopa. Ila Jesca amekataa nisiende, na nimemwelewa.

Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka ule nilipopata nafasi ya kusomea mifugo Dodoma, niliiacha, nikawaambia wote kwamba ni kwa ajili ya Jesca. Yeye hakuniomba. Nilikuwa naogopa chuo, na yeye alikuwa sababu nzuri ambayo haiwezi kunipinga. Nimemwambia hayo juzi. Akaniuliza fomu za mwaka ujao zinatoka lini.

Mama atakuomba umkataze Jesca, kwa kuwa tangu Baba afariki kauli yako ndiyo anayoisikiliza. Nakuomba Mjomba, kwa heshima zote, usimkataze. Mwambie dada yako kwamba mtu aliyepanga kitu kama kile, akapoteza mara kumi na saba bila kukibadilisha, anaweza kulala peke yake kwenye chumba cha uani Singida Mjini. Na mlango unaweza kufungwa taa inayowaka mtu akibonyeza kengele. Hosea amesema ataifunga mwenyewe.

Msalimie sana mama Peniel, mbusu Peniel na mdogo wake Dorika. Bibi Elizabeti wa Issuna anakusalimu na anasema mguu umepona. Samweli na mkewe Editha nao wanakusalimu. Salamu za Jesca sikuziweka. Nilipomwuliza nimwandikie nini, alisema nisimwandikie kitu, kalamu anayo.

Mungu awakinge na baridi hiyo, akurudishe nyumbani salama siku ukiwa tayari.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Dorkas